Ushauri: Ripoti ya kikoba imekataliwa, wanadai nimejaza maoni yangu

Kalamu ya Kata: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa mtaani. Sandukuni kumepungua 640,000, nikaagizwa kuandika ripoti. Nimeandika ukweli mtupu, mwenyekiti kanirudishia eti ni maoni. Kikao ni Jumapili. Matusi sitaki, nisaidieni.

BintiPangani: Weka kipande tukione. Tupige ramli?

Kalamu ya Kata: "Mweka hazina, kwa uzembe wake wa kawaida, alichelewa. Sanduku lilipofunguliwa alibabaika, dalili ya wazi kwamba anajua fedha zilipo."

Mzee wa Chaki: Uzembe, kawaida, dalili ya wazi: hayo yote yametoka kichwani mwako. Andika: "Kikao kilipangwa saa 10:00, mweka hazina alifika saa 10:40. Daftari lilisoma 2,310,000, zikahesabiwa 1,670,000." Kama alibabaika, sema alifanya nini. Alihesabu mara tatu? Aliulizwa akanyamaza? Wanachama watajihukumia wenyewe. Vijana siku hizi mnaandika ripoti kama mashairi ya taarabu.

Dereva Mstaarabu: Mimi niligongwa na bodaboda, nikaandika maelezo kituoni kwamba alikuja kwa kasi ya ajabu. Afande akauliza, ajabu ndiyo kilomita ngapi? Nikabaki nimetoa macho. Bampa sijalipwa hadi leo.

Kaka Mkokoteni: Vikoba ni vya akina mama. Mwanaume unatafuta nini huko?

BintiPangani: Achana naye. Mkuu, sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na mweka hazina analala na sanduku tu, funguo hana. Za kwenu anashika nani?

Kalamu ya Kata: Hilo halihusiani na swali langu. Nimeuliza uandishi.

BintiPangani: Linahusiana sana. Nani?

Kalamu ya Kata: Wanachama watatu. Mmoja ni mke wangu. Sikuona haja ya kumtaja kwa sababu ni mwaminifu, kila mtu anajua. Hakuna neno la uongo kwenye ripoti yangu, na nimeshaituma kwenye grupu la WhatsApp, siwezi kuigeuza tena.

Mzee wa Chaki: Ehee! Kumbe lile neno la uzembe lilikuwa tatizo dogo. Unaweza kufuta kila sifa na kila tusi, ukabakiza saa na tarakimu tupu, na bado ripoti ikaegemea upande kwa ulichokiacha. Taja washika funguo wote watatu, na ukurasa wa kwanza useme mmoja ni mkeo. Bora zaidi, mwachie mwingine aandike.

Kalamu ya Kata: Nikimwachia mwingine si wataona naficha kitu?

Kaka Mkokoteni: Subirini kwanza. Ramadhani iliyopita huyu alifungua uzi anatafuta mchumba mwenye hofu ya Mungu. Mke katoka wapi? Hii ni chai, tena ya rangi.

Kalamu ya Kata: Ule uzi nilimfungulia mdogo wangu.

Dereva Mstaarabu: Mdogo wako mwenye umri wako na kazi yako 😂😂

BintiPangani: Chai au si chai, kufuli zilivunjwa?

Kalamu ya Kata: Hazikuvunjwa. Nimeandika ukurasa wa pili.

BintiPangani: Basi zilifunguliwa kwa funguo, na mweka hazina hana hata mmoja.

Kaka Mkokoteni: Mkuu, mchumba lakini alipatikana?