Mliofungua kibanda cha chakula na ndugu yako akatangulia: tupeane uzoefu

Karai la Moto:
Habari za usiku wakuu. Leo jioni kuna mteja alikuwa analipa kwa simu, akaniuliza, "Mbona linakuja jina la mwanaume? Mumeo huyu?" Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema nimsalimie. Nikamjibu zimefika.

Kaka alifariki mwaka jana. Banda la chipsi tulilianzisha wote pale Tabata, yeye karai, mimi kaunta na kachumbari. Lipa namba tukasajili kwa jina lake kwa sababu wakati ule namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka. Kwa hiyo kila anayelipa analiona jina lake lote kabla hajaweka namba ya siri. Familia wanasema nibadilishe. Mimi mkono hauendi. Mliobaki na biashara peke yenu mnafanyaje? Naomba uzoefu, mahubiri nimeshapewa ya kutosha msibani.

Pilau la Jana:
Pole sana dada. Kwetu aliyekuwa anajua kupika ni marehemu mdogo wangu, mimi nilikuwa wa kubeba maji na kudai madeni. Mpaka leo wateja wananiambia maharage yamebadilika. Na kweli yamebadilika.

Sahani Mbili:
Hilo la maharage nalijua lote. Poleni.

Baba Lishe wa Stendi:
Sikutaka kuandika ila hii mada imenigusa pabaya.

Mimi na kaka yangu tulikuwa tunauza wali na ugali Ubungo, enzi za stendi ya zamani. Wateja wetu madereva, makonda na wapiga debe. Stendi ya mikoani ilipohamia Mbezi mwaka 2021 mimi nilisema biashara imekufa, turudi kijijini. Kaka akasema mteja hafi, amehama tu, tumfuate. Tukafunga sufuria na mabenchi kwenye guta, tukaanza upya Mbezi, tena mbali kidogo na geti kwa sababu ya mgambo. Wakarudi mmoja mmoja. Aliugua akiwa hapo hapo, hakukaa sana.

Watu wanadhani siku mbaya ni ya kuzika. Siku ya kuzika unashikwa mkono, kuna watu, unaambiwa kaa hapa, kula hiki. Mimi siku yangu mbaya ilikuja baadaye kabisa, nimeshaanza hata kucheka. Akatokea dereva mmoja aliyekuwa amehamishiwa njia nyingine, muda mrefu hajapita. Anapiga kelele tokea mbali, "Mkubwa! Ile yangu ya siku zote!"

Mimi sijui yake ni ipi. Kaka hakuwa na daftari. Yote yalikuwa kichwani: nani ana vidonda vya tumbo asiwekewe pilipili, nani anapewa ukoko, nani analipa mwisho wa wiki, nani ukimwamini umeliwa. Nimesimama na mwiko. Yule dereva anacheka, anadhani namtania. "Muulize kaka yako basi!"

Ikabidi nimwambie. Alikaa kwenye benchi, konda wake anapiga honi, yeye yuko kimya. Akatoa elfu tano, akasema alikuwa anadaiwa elfu nne na mia tano tangu siku nyingi. Nikamwekea wali maharage nikikisia. Akaumaliza wote. Nikamuuliza kama ndiyo yenyewe. Akasema hapana, yake ilikuwa ugali dagaa.

Pilau la Jana:
Daaah.

Chumvi Nyingi:
Huyo dereva muungwana. Kwetu madeni ya marehemu yalizikwa naye, ila wanaomdai yeye walifufuka wote.

Wakili wa Kijiweni:
Dada mleta mada, kutumia laini ya marehemu ni hatari. Ikifungwa, hela inabaki humo mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Chukueni cheti cha kifo RITA, ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, familia ikae kikao, muhtasari uandikwe na usainiwe, mpeleke Mahakama ya Mwanzo mkajaze Fomu Na. 1. Ukishateuliwa una miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na hesabu.

Chumvi Nyingi:
Mahakama kwa karai na mabenchi mawili? Dada, namba ya siri unayo, hamisha hela, funga mdomo, kaanga viazi.

Wakili wa Kijiweni:
Ndivyo mnavyofungwa.

Chumvi Nyingi:
Nitajie mmoja unayemjua aliyefungwa kwa sababu ya chipsi.

Mama Uji wa Alfajiri:
Na nyie hata dini ya mtu hamjauliza. Kama ni Muislamu kuna mgawo, mama mzazi ana sudusi yake, moja ya sita, marehemu akiacha mtoto. Si hela ya dada peke yake hata kama yeye ndiye aliyekatakata vitunguu.

Wakili wa Kijiweni:
Sijapinga. Mahakama ya Mwanzo ndiyo ya mirathi ya Kiislamu na ya kimila. Mkristo aulize kwanza Mahakama ya Wilaya.

Guta Bovu:
Mimi cha marehemu bro nilichorithi bila mahakama ni kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu 20, vya wakati wa Magufuli. Hakikuwa na jina wala picha, kwa hiyo yeye ni mimi na mimi ni yeye 😂 Angekuwepo angecheka sana.

Jicho la Tatu:
Mauzo yakishuka baada ya msiba si bure. Chunguzeni. Chuma ulete, hao wachawi wa kuvuta hela za watu, wanapenda sana biashara iliyopoteza mwenyewe.

Mama Uji wa Alfajiri:
Chuma ulete wako anaitwa bei ya mafuta ya kula. Umeshapiga hesabu ya dumu la lita 20?

Jicho la Tatu:
Subiri yakukute.

Kijiko Kimoja:
Nyie wote afadhali. Kwetu siku ya arobaini, wageni wamekaa, alikuja mwanamke na mtoto wa miaka kama mitatu. Akamsalimia mama vizuri, akakaa. Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba: risiti ya friji la kuwekea juisi, jina lake, na meseji za kaka anamshukuru kwa mtaji wa laki sita. Mtaji ambao mimi miaka yote najua ulitoka kwenye kikoba! Mtoto amefanana na kaka mpaka baba mdogo akatoka nje.

Na baba mdogo ametoka kwa sababu nyingine pia. Friji alishalipeleka kwake Morogoro wiki moja nyuma, akisema analihifadhi.

Pilau la Jana:
Eeeh! Ikawaje?

Sahani Mbili:
Rudi umalizie tafadhali, nina ugali jikoni.

Guta Bovu:
Msituache hivi.

Karai la Moto:
Jamani na mimi bado nipo 😅 Nimewasikia. Kesho nakwenda kuanza na cheti. Namba nitabadilisha, ila nataka mpya iandikwe jina la banda, na banda nimelipa jina lake. Mwenye swali aniulize. Na Kijiko, maliza bwana.

Kijiko Kimoja:
Nilikuwa nafunga banda. Mama alisema mtoto ni wetu, habari ya friji tutaongea watu wakishaondoka. Sasa hivi yule dada anauza juisi upande wangu wa kushoto. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaongea chenji tu. Siku hizi tunamsema marehemu pamoja, maana alitudanganya wote wawili, mimi kuhusu mtaji, yeye aliambiwa banda ni la kwake peke yake. Juisi anaweka kwenye ndoo yenye barafu. Mtoto ameanza chekechea.

Wakili wa Kijiweni:
Huyo mtoto ana haki. Na risiti ina jina la mama yake, friji si la mirathi kabisa, ni la kwake.

Chumvi Nyingi:
Leo ndiyo umeongea.

Guta Bovu:
Hilo friji bado liko Morogoro? Kuna jamaa yangu ana fuso, Ijumaa anarudi Dar tupu.