Cheti cha mwendesha chensoo: kinaisha lini, na anayehuisha apimwe nini?

Gogo_Mufindi

Habari zenu wakuu. Nasimamia timu ya uvunaji wa misindano na mikaratusi huku Mufindi, waendeshaji chensoo wanane. Mwenye shamba ana cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi bora wa misitu), na kabla ya mkataba mpya anataka uthibitisho wa umahiri wa kila mwendeshaji, tena uwe "hai". Kwenye mafaili yetu kuna karatasi za mafunzo ya siku mbili kutoka kwa muuza mashine, vyeti vya kozi ya wiki mbili vya mwaka 2018, na cheti kimoja cha Uingereza cha kijana aliyewahi kufanya kazi huko. Hakuna hata kimoja chenye tarehe ya kuisha. Je, bado vinafaa? Kuhuisha ni kurudia kozi nzima? Na mpimaji aangalie nini hasa?

MpimajiMsituni

Mkuu, tenganisha karatasi kwanza. Ile ya muuza mashine inathibitisha kuhudhuria, basi. Cheti cha umahiri kinathibitisha kwamba mtu alifanya kazi mbele ya mpimaji ambaye si mwalimu wake, akafaulu. Visome vizuri vile vya 2018: kama havitaji kazi zilizopimwa wala ukubwa wa miti, mkaguzi atavihesabu kuwa ni mahudhurio tu. Usajili wa mashine na kibali cha kuvuna usivichanganye humu. Hivyo havisemi lolote kuhusu mikono ya mwendeshaji.

Cha Uingereza hakina tarehe kwa sababu kule vyeti hivi haviishi muda. Ila mamlaka yao ya usalama kazini inapendekeza mafunzo ya kunoa ujuzi upya kila baada ya miaka 5 kwa anayetumia chensoo mara kwa mara, na kila miaka 2 hadi 3 kwa anayeishika kwa nadra. Anayeishika kwa nadra ndiye anayerudi darasani mapema, na ni sawa kabisa, maana ndiye anayesahau. Kwa hiyo cheti cha kijana wako hakijafa, kinachokosekana ni kumbukumbu ya mafunzo hayo.

Angalia pia wigo wake. Cheti cha Ulaya, kwa mfano, kina ngazi nne: matunzo ya mashine na kukata magogo, kuangusha miti kwa mbinu za msingi, kuangusha kwa mbinu za juu, kisha miti iliyoangushwa na upepo au kuharibika. Mwenye ngazi ya kwanza peke yake hana ruhusa ya kuangusha hata mti mmoja, na hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama.

Msingi wa madai ya mwenye shamba ni mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1998 kuhusu usalama na afya katika kazi za misitu, ambao FSC inautumia. Unataka waendeshaji chensoo wawe na cheti cha ujuzi. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la mafunzo, kwa hiyo usimwachie mfanyakazi mzigo huo.

FundiTupa

Naongezea upande wa mashine, kwa sababu mpimaji makini huanzia mezani kabla ya kugusa mti. Mwendeshaji aonyeshe breki ya cheni inashika, pini ya kunasa cheni iliyokatika ipo, kitufe cha kuzuia eksileta kinafanya kazi, mipira ya kupunguza mtetemo haijapasuka, na cheni haizunguki mashine ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kubonyezwa eksileta. Kisha apandishe moto huku ncha ya upanga (bapa la chuma linalozungukwa na cheni) ikielekea kwenye gogo jeupe: mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, upanga unaungua.

Kunoa ndiko kunakoangusha wengi. Cheni ya .325 inataka tupa ya milimita 4.8, na nundu iliyo mbele ya kila jino ishuke kama milimita 0.65 chini ya makali, ikipimwa kwa geji. Wengi huisaga kwa macho. Ikishuka kupita kiasi, jino linauma mno na upanga unaruka kirahisi. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya upande wa pili, cheni inakata kwa kupinda, na bawaba ya mti (ukanda usiokatwa unaouongoza mti ukianguka) inatoka nene huku na nyembamba kule. Kosa la tupa linakuja kuonekana kwenye kisiki.

Suruali ya kinga iliyowahi kukatwa na cheni haishonwi. Nyuzi zake zinatakiwa zichomoke na kuziba gurudumu la cheni, ukizishona, zinabanwa. Nunua nyingine.

Gogo_Mufindi

Asanteni sana. Sasa kwenye mti wenyewe mpimaji aangalie nini? Na wawili kati ya hawa hawajui kusoma. Mtihani wa nadharia wataufanyaje?

MpimajiMsituni

Nadharia waulizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, na mpimaji aandike majibu. Kinachopimwa ni kujua msitu, kusoma na kuandika hakuhusiki.

Kwenye mti, chukua wenye kipenyo cha sentimita 40. Kwanza asafishe shina, afungue njia mbili za kukimbilia zinazokwenda nyuma kwa mshazari, na ahakikishe hakuna mtu ndani ya umbali wa urefu wa miti miwili. Mdomo, yaani mkato wa kabari upande mti unakoangukia, uingie moja ya tano hadi robo ya kipenyo, yaani sentimita 8 hadi 10, pembe isipungue nyuzi 45, na mikato yake miwili ikutane bila kupitana. Ikipitana, mdomo unafunga mapema na shina linaweza kupasuka au kwenda kombo. Ukato wa nyuma uwe juu ya sakafu ya mdomo kwa sentimita 2.5 hadi 5, na bawaba ibaki sentimita 4 hivi, yaani sehemu moja ya kumi, unene sawa upande hadi upande. Aliyeikata bawaba yote afeli hapo hapo, hata kama mti umelala sawasawa, kwa sababu ulikwenda ulikotaka wenyewe.

Mikaratusi inayoinama mbele ipimwe peke yake. Ukiikata kwa nyuma kama kawaida, shina hupasuka wima na kipande cha nyuma kinaruka kwa nguvu ya kuua. Mwendeshaji achome upanga katikati ya shina, aanzie sehemu ya chini ya ncha, kamwe isiwe robo ya juu, ajenge bawaba, aache kishikizo nyuma (sehemu ya shina isiyokatwa) na akikate mwisho.

Mti ulionasa kwenye mwingine uwemo lazima kwenye mtihani, maana kila aliyezoea ana njia yake ya mkato. Kuingia chini yake, kukata mti ulioushikilia, kuangushia mwingine juu yake, au kuukata vipande kuanzia chini: lolote kati ya hayo ni kufeli. Augeuze kwa wenzo wenye ndoano au auvute kwa winchi. Akishindwa, auzungushie utepe na amwite msimamizi. Jibu hilo la mwisho nalo ni la kufaulu.

Kuhusu kurudia kozi: si lazima. Wenye uzoefu wapimwe kwanza, wafundishwe kile tu kilichowashinda, kisha wapimwe tena kwenye hicho. Aliyefeli asipewe hata kupogoa matawi kwa chensoo katikati ya hapo, kwa sababu ncha ya upanga hugonga tawi la pembeni na kurukia uso kirahisi.

Na usikae kusubiri miaka 5. Kila mwezi, kwa kila mwendeshaji, chagua visiki vitano bila kumwarifu. Weka futi juu ya bawaba, piga picha, andika tarehe, aina ya mti, kipenyo, kina cha mdomo na kimo cha ukato wa nyuma juu ya sakafu ya mdomo. Picha hizo ndizo mpe mkaguzi pamoja na cheti. Bawaba zikianza kukonda mwezi hadi mwezi, usimsubirishe mtu huyo hadi tarehe ya kuhuisha. Mrudishe kwa mpimaji wiki hiyo hiyo.