Picha za ndani zinatoka na ukungu: kamera ya DSLR ya kuanzia na lenzi ya 18-55

mwanga_hafifu: Wakuu, natumia Canon 2000D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm f/3.5-5.6. Nje mchana picha safi kabisa. Ndani, hata taa zikiwaka, sura za watu hazieleweki. Nipo kwenye Auto, flashi nimezima. Tatizo lenzi au mimi?

shata_polepole: Usiguse kitu kwanza. Kuza picha moja kwenye skrini uichunguze. Kila kitu, hata ukuta, kimevutika upande mmoja: mkono ulitikisika. Ukuta umetulia ila watu wamevutika: wao ndio waliosogea, na kitulizaji cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko wa mkono) hakisaidii hapo. Pazia la nyuma liko safi kuliko uso: fokasi ilidaka pazia. Kisha soma kasi ya shata iliyotumika, yaani muda ambao kamera ilipokea mwanga. Ukikuta 1/30 ya sekunde, jibu unalo: ilikuwa polepole mno.

tundu_wazi: Hama Auto. Zungusha kisahani hadi Tv (wewe unachagua kasi ya shata, kamera inapanga tundu la lenzi), weka 1/125 kwa watu waliokaa, 1/250 wakicheza au kutembea. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) anza na 1600. Namba ya f (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) ikiwakawaka, mwanga hautoshi, panda 3200. Chengachenga zitaonekana, lakini hizo zinapunguzika kwenye kompyuta. Uso uliovutika haurudi.

Na usivute zumu, sogea wewe. Kwenye 18mm lenzi inafunguka f/3.5, ukifika 55mm imebaki f/5.6: umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga. (Ila usimsogelee mtu sana na 18mm, pua itakua.)

shata_polepole: Fokasi nayo: chagua nukta ya katikati peke yake, ndiyo yenye uhakika zaidi kwenye kamera hiyo, na modi ya One Shot (fokasi inajifunga mara moja). Lenga jicho, bonyeza kitufe nusu mpaka ilie, panga picha, malizia kubonyeza. Anayetembea, tumia AI Servo, fokasi inamfuata. Chungulia kwenye kitundu cha kutazamia, kile cha jicho. Ukitumia skrini ya nyuma fokasi inasuasua gizani.

mwanga_hafifu: Shukrani. Nikinunua 50mm f/1.8?

tundu_wazi: Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 unapata mwanga kama mara 10, yaani ISO 3200 inashuka hadi karibu 320. Ila kwa sensa hiyo ndogo utaona kama 80mm, chumba kidogo kitakubana ukutani. Haina kitulizaji, kwa hiyo usishuke chini ya 1/100. Na kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2, kinachoonekana safi ni kina cha kama sentimita 10 tu; wawili wasiokaa sambamba, punguza tundu hadi f/4.