Datsun 240Z ya Safari, kipimo cha 1/24: kopo la kupuliza au eabrashi?

BintiWaVoi ameuliza:

Hamjambo mafundi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Kaka yangu anayefanya kazi Dubai ameniletea seti ya gari dogo la plastiki la kuunganisha, ya kampuni ya Hasegawa, ya Datsun 240Z, ile iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mzee wetu miaka ya 1970 alikuwa hakosi kusimama kando ya barabara pale Voi kuyatazama magari ya Safari yakipita, na mpaka leo ukimtajia Datsun anakaa wima. Nataka nimpe iwekwe sebuleni: bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, na ionekane gari iliyotoka kazini, si ya kwenye maonyesho.

Vigari vyangu vya nyuma nimevipaka kwa brashi na sijawahi kupuliza. Naishi Mombasa, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nina kibaraza kidogo kinachopigwa na upepo wa bahari. Je, ninunue makopo tu au nijipige moyo konde ninunue eabrashi (kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa upepo) na kompresa yake? Makopo ya rangi ya gari yanayouzwa hardware yanafaa? Na huu unyevu wetu wa pwani utaniachia rangi salama?

FundiMkongwe amejibu:

Binti yangu, karibu. Mimi nimepiga rangi magari ya watu gerejini hapa hapa Mombasa tangu ujana wangu, na haya madogo nayafanya jioni kwa mapenzi. Kwa hivyo nakujibu kwa uzoefu wa pande zote mbili.

Bodi pulizia kopo. Hiyo 240Z ikigawanywa kwa 24 inabaki na urefu wa sentimita 17 hivi, na mkupuo wa kopo ni mpana kiasi cha kuifunika yote rangi ikiwa bado mbichi. Mng'ao hutoka hapo: rangi ya mbele ikutane na ya nyuma kabla haijakauka, zichanganyike, zijinyooshe zenyewe. Eabrashi ya nozeli (tundu la pua) ya milimita 0.2 au 0.3 inapita kwa mstari mwembamba. Anayeanza akifika nyuma ya gari, mbele kumeshakauka, na anaishia na uso unaokwaruza kama msasa. Eabrashi ina kazi yake kubwa kwenye gari hii, lakini si hiyo.

Sasa, kopo gani. Hapa nakuomba unisikilize sana. Makopo ya hardware yametengenezewa bati, na thina yake ni kali. Plastiki ya seti yako ni polistirini, na thina kali inaila. Utaona uso unakunjamana na mistari ya milango inavimba, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Makopo ya TS ya kampuni ya Tamiya yametengenezewa plastiki hii hii: TS-8 ni nyekundu ya magari ya Italia, TS-49 ni nyekundu angavu, TS-6 ni nyeusi isiyong'aa, TS-13 ni klia, ile ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Soma herufi vizuri, maana kuna PS pia, na hizo ni za bodi za polikaboneti za magari ya rimoti. Na usimwambie kaka yako akubebee kwenye begi la ndege. Kopo la rangi lenye gesi inayoshika moto haliruhusiwi kwa abiria, si begi la mkononi wala la chini. Tafuta wakala wa meli anayekubali mzigo wa aina hiyo, au ulizia maduka ya Nairobi.

Ukikosa kabisa ukabaki na la hardware, lijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Geuza kijiko utafute pembetatu yenye namba. Namba 6 ndiyo polistirini, sawa na seti yako. Namba 5 ni plastiki nyingine na itakudanganya. Likiacha kijiko salama, pulizia praima (rangi ya chini) ya plastiki kwanza, kisha rangi kwa ukungu mwembamba mwembamba, usilowanishe mapema.

Praima iwe nyeupe au ya waridi. Nyekundu haifuniki vizuri, na juu ya kijivu inazama, inakuwa damu ya mzee. Kabla ya praima pitisha ncha ya kisu taratibu kwenye mistari ya milango na boneti uizidishie kina, kwa sababu rangi itaijaza. Piga hesabu uone: rangi ya gari ya kweli, praima mpaka klia, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huo huo juu ya bodi yako ni sawa na kumwaga rangi ya zaidi ya milimita 2 kwenye gari kubwa. Ndiyo maana gari ndogo nyingi zinaonekana za kuchezea hata rangi ikiwa safi: milango haina mistari tena.

Siku ya kazi, lilaze kopo kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi, yasiyounguza mkono, dakika chache. Moto usikaribie, na maji ya kuchemka usithubutu. Kopo likipata joto msukumo unaongezeka na matone yanakuwa madogo. Tikisa sana. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, malizia nje upande wa pili. Usibonyeze wala kuachia ukiwa juu ya gari, maana kopo hutema matone hapo hapo. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, praima bado ionekane. Subiri robo saa. Wa pili ufunike. Wa tatu ndio wa kulowanisha, na hapo macho yako yasitoke kwenye paa la gari. Washa taa juu yako utazame taswira ya balbu ndani ya rangi mbichi. Kwanza utaona doa la mwanga lenye kingo zilizochakaa, hilo ndilo ganda la chungwa, yaani uso wenye vinundu. Ongeza mkupuo mmoja wa haraka. Kingo za balbu zikinyooka na kuwa kali, weka kopo chini. Mkupuo unaofuata baada ya hapo ndio unaoleta machozi, michirizi ya rangi, kwenye milango.

Unyevu sasa. Thina inapokauka haraka inaupoza uso wa rangi, na mvuke wa hewani unageuka maji juu yake. Ndio ule ukungu mweupe unaoharibu nyeusi na nyekundu zetu. Nunua kile kipimo kidogo cha unyevu, si ghali. Kikipita asilimia 80 acha kabisa, na kwa klia mimi nangoja kishuke chini ya 65. Kwa pwani hiyo ni kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri, hasa majira ya kaskazi. Wakati wa masika mimi hujenga injini na dashibodi, bodi siigusi. Na hicho kibaraza kinachopigwa na upepo wa bahari si mahali pa kupuliza, upepo unabeba chumvi na mchanga. Puliza ndani ya boksi kubwa la katoni lililolazwa ubavu, dirisha likiwa wazi, na vaa barakoa ya vichujio vya mkaa, ile ya mafundi rangi. Ya kitambaa haizuii mvuke. Hakikisha jirani hana jiko linalowaka karibu.

La mwisho kwa leo: atatokea mtu akwambie upige klia ya gerejini, ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigumisha. Inang'aa kuliko zote, nakiri. Lakini hadena ina kemikali ya isosayaneti, inayoweza kukupa pumu ya maisha. Nimewaona wenzangu wa kazi wakihema kwa shida. Kwenye nyumba ya kupanga yenye watoto, hapana.

KompresaTemeke amejibu:

Shikamoo mzee. Mimi niko Dar, na kwa heshima zote napishana na wewe kidogo. TS huku kuzipata ni kazi, na kopo moja lina mililita 100 tu. Ukishapata moja huwezi kulitumia kama maji. Mimi nalihamishia kwenye eabrashi, na nusu ya kopo inanitosha bodi nzima na vioo vya pembeni.

Dada, fanya hivi. Chomeka mrija mwembamba kwenye pua ya kopo, ufunge kwa tepu, ncha ya pili iingie kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa foili. Bonyeza kidogo kidogo, rangi itashuka ikichemka na itakuwa baridi sana. Usiifunge hiyo chupa! Iache wazi kwa saa kadhaa mahali penye hewa mpaka mapovu yaishe, ukiharakisha itafoka kwenye kikombe cha eabrashi. Kisha ongeza thina ya modeli inayokauka polepole mpaka ishuke ukutani mwa kikombe, tumia nozeli ya 0.5, upepo wa msukumo wa psi 18 hadi 20, ukae karibu, sentimita 10. Bodi inalowana vizuri tu.

Na kama hela ya kompresa haipo, tafuta tairi la gari lililo zima, ulijaze kwa fundi pancha, uunge mrija na valvu ya kupunguza upepo. Halina kelele, na umeme ukikatika wewe unaendelea.

FundiMkongwe amejibu:

Marahaba mwanangu. Hapo kwa kuhamisha rangi umesema kweli, na kwa nozeli ya 0.5 nakubaliana nawe. Bado namwambia binti aanze na kopo, kwa sababu mtu anayeshika eabrashi mara ya kwanza asijifunzie kwenye gari ya baba yake. Tairi nimelitumia sana. Ila ndani yake mna maji na vumbi la mpira, kwa hivyo kichujio cha maji kiwe kati ya mrija na eabrashi, na kwa unyevu wetu ukimwage kila baada ya muda mfupi. Tone moja likipita limetua kwenye bodi.

BintiWaVoi ameandika:

Asanteni sana, mzee wangu na kaka wa Temeke. Basi nachukua makopo kwa bodi, na eabrashi nitaazima kwa mwalimu mwenzangu anayepamba keki. Nimebaki na mawili. Boneti nyeusi niipige lini? Na lile vumbi jekundu la kwetu Taita nilipateje? Poda za udongo nilizojaribu kwenye kigari kingine zinafutika ukigusa.

FundiMkongwe amejibu:

Eabrashi ya keki inafaa, nyingi ni zile zile. Lakini muulize kwanza, maana ikishapita thina isirudi kwenye chakula kamwe. Ni heri ununue yako ya bei nafuu.

Boneti ni ya mwisho. Nyekundu, stika za maji (zile za kulowekwa kabla ya kubandikwa), klia, halafu nyeusi, la sivyo klia itaing'arisha boneti na ile ya kweli haikung'aa, ilipakwa nyeusi ili jua lisimpige dereva machoni. Klia ya TS-13 ni kali kwa stika, ikilowa mapema inazikunja. Anza na ukungu, mara mbili tatu, ndipo ulowanishe. Kisha ngoja wiki nzima. Sogeza pua karibu na bodi: ukisikia harufu ya thina, bado. Ukikuta boneti ni kipande chake, ipulize peke yake na kazi imekwisha. Kama imeshikana na bodi, bandika tepu ya modeli, kandamiza ukingo kwa ukucha, pulizia klia kidogo kwanza izibe ukingo, ndipo TS-6. Bandua tepu rangi ingali mbichi, ukiikunja irudi juu yake yenyewe.

Vumbi ndiyo kazi ya eabrashi, na hakuna kopo litakalokufanyia. Chukua rangi za akriliki za Tamiya: XF-57 (rangi ya mchanga) iwe msingi, XF-64 (kahawia nyekundu) kidogo kidogo mpaka ifanane na ardhi ya Voi. Omba mtu akuletee kiganja cha udongo wenyewe ukiweke mezani, usitegemee picha, picha zinaongeza wekundu. Zimua sana, sehemu moja ya rangi kwa tatu nne za thina, iwe nyepesi kuliko maziwa. Upepo psi 12 hivi.

Halafu fikiri gari inavyokwenda. Tairi la mbele linarusha nyuma yake, kwa hivyo matope mazito yanakaa nyuma ya matao ya magurudumu na chini ya milango, yakipanda kwa mshazari kuelekea nyuma. Ubavu wa juu unapata ukungu tu. Mgongo wa gari, kule kwenye taa za nyuma na kioo, unapata mwingi kuliko watu wanavyodhani, maana upepo unazunguka nyuma ya gari na kulivuta vumbi. Kioo cha mbele kata karatasi kwa umbo la nusu duara za waipa uzibandike kabla ya kupuliza, ukibandua utapata pale dereva alipokuwa akiona. Waipa mbili, nusu duara mbili zinazoingiliana kidogo.

Kwa matone ya matope, chovya brashi ya zamani kwenye rangi hiyo hiyo isiyozimuliwa, uipeleke mbele ya pua ya eabrashi tupu, upepo uirushe. Jaribu kwenye karatasi kwanza, kisha piga ukitokea kwenye gurudumu kwenda nyuma, usipige kutoka juu.

Na stika za namba ubavuni usizizike. Wasimamizi wa vituo walihitaji kuzisoma, kwa hivyo ziache zisomeke. Chukua pamba yenye thina ya akriliki ukifute kile kiduara cha namba kwa mkono, kiache na alama za vidole.