Vibonge vya biskuti vya chokoleti: gamba linapasuka na kutoa jasho

MamaWaMwanga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wengine habari za jioni. Ninatengeneza nyumbani vibonge vya biskuti visivyookwa: natwanga biskuti hadi ziwe unga, nachanganya na maziwa mazito matamu ya kopo, naviringisha, navigandisha kwenye friza, kisha navichovya katika chokoleti iliyoyeyushwa. Ladha yake wateja wanaisifu, ila gamba linanisumbua. Muda mfupi baada ya kuchovya hutokea nyufa, na vikitolewa kwenye friji mchana, hasa Septemba hii yenye joto kali, hutoa jasho na kuchafua vidole. Nimepata oda ya sendofu itakayofanyika Tabora, na mzigo utakwenda kwa treni. Naomba kujua tatizo liko kwenye ujazo wa ndani, kwenye chokoleti au kwenye friji.

BibiWaUjiji

Marahaba, mwanangu. Nyufa hizo chanzo chake ni friza. Kibonge kilichoganda kabisa kikichovywa, gamba hushika papo hapo. Baadaye sehemu ya ndani ikipata joto hutanuka, na gamba lililokwisha kukauka hupasuka. Viweke kwenye friji ya kawaida hadi viwe vigumu bila kuganda, kisha vitoe dakika 10 hivi kabla ya kuchovya.

Kuhusu ujazo, anza na gramu 150 za maziwa kwa gramu 300 za biskuti, lakini usiyamimine yote kwa mkupuo, kwa sababu biskuti hazinywi maziwa sawasawa. Finyanga kibonge kimoja ukiache kwenye sahani. Kikilala na kuwa bapa upande wa chini, ongeza unga wa biskuti. Kikimeguka kingoni unapokibonyeza, ongeza maziwa kidogo. Unga huo uuchekeche, maana chembe kubwa hutoboa gamba. Wapo wanaotumia jibini laini badala ya maziwa ya kopo, na ni tamu kweli, lakini hilo linadai friji wakati wote, kwa hiyo kwa safari ya treni siliafiki hata kidogo.

JikoLaUnyanyembe (Tabora)

Bibi amemaliza habari ya nyufa; mimi nizungumzie chokoleti. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, na huanza kulegea mapema zaidi. Ili chokoleti halisi nyeusi ishike vizuri na kung'aa, huyeyushwa hadi nyuzijoto 45 au 50, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hupashwa tena hadi 31 au 32. Mchana jiko la Kigoma lenyewe linaweza kufika nyuzijoto 30, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe alfajiri au isifanywe.

Kwa vibonge vya safari napendekeza chokoleti ya kupakia keki, ambayo badala ya siagi ya kakao ina mafuta mengine, mara nyingi ya kokwa za michikichi. Hiyo haihitaji kupandishwa na kushushwa joto, na huvumilia zaidi. Ladha yake haifikii ile halisi, na mteja ni vyema aambiwe. Usidhani basi kwamba unaweza kuchanganya mise, yaani mafuta ya kokwa za michikichi, ya kukamuliwa nyumbani: harufu yake ni kali mno, na ya kiwandani imesafishwa na kufanywa ngumu.

Unapoyeyusha, bakuli likae juu ya sufuria bila kugusa maji, na usilifunike. Tone moja tu la maji hufanya chokoleti ishikane kama udongo mkavu.

MamaWaMwanga

Nashukuru sana. Na asali ya Tabora, inaweza kuchukua nafasi ya maziwa? Na lile jasho je?

BibiWaUjiji

Asali huvuta unyevu, mwanangu. Kijiko kimoja kwa ajili ya harufu kinatosha. Jasho ni unyevu wa hewa unaonatia kwenye kitu cha baridi. Panga vibonge kwenye boksi lenye mfuniko unaobana, na ulipoze likiwa limefungwa. Kwenye deli tumia chupa za maji yaliyogandishwa, si barafu ya wazi, uzizungushie khanga ili zisigusane na boksi. Mkifika Tabora, boksi litolewe kwenye deli na likae limefungwa mpaka ubaridi uishe, ndipo lifunguliwe. Mweleze anayepokea mzigo kabla treni haijaondoka, kwa sababu watu hupenda kuchungulia.