Mama moyo umechoka na presha iko chini, dawa za presha za nini tena?

Mtoto wa Igoma: Wakuu naombeni ushauri, mama yangu miaka 67 aliambiwa moyo hausukumi damu vizuri, akaandikiwa dawa ya presha enalaprili na nyingine mbili. Nikimpima nyumbani inasoma 98/60. Sasa mtu wa 98 unamshusha mpaka wapi? Silali.

Mvuvi Mstaafu: Pole mkuu. Baba yangu kule Nansio alianza hivyohivyo, tukazunguka na mizizi mwaka mzima, tukaja kumzika Desemba.

Mama Pasiansi: Vijana mnawalisha wazazi kayabo, samaki wa chumvi tupu, halafu lawama kwa dawa!

Nesi Kirumba: Mdogo wangu, anameza au umeshamsimamisha?

Mtoto wa Igoma: Leo siku ya sita hajameza. Lakini dada, mama alikuwa anaona kizunguzungu kila akisimama, ningefanyaje? Na sasa imepanda 112, nikajua nimepatia.

Nesi Kirumba: Hujapatia. Moyo ukilegea figo zinahisi damu ni kidogo, zinatoa kemikali ya renini, inatengenezwa anjiotensini, hiyo inabana mishipa, halafu homoni ya aldosteroni inazuia chumvi na maji visitoke. Namba inapanda unafurahi kumbe moyo uliochoka unasukuma kwenye mpira wa maji uliokanyagwa. Enalaprili inazuia huko kubana, haikuwekwa kwa ajili ya namba tu. Utafiti wa 1987 kwa wagonjwa 253 wa moyo waliozidiwa, ndani ya miezi 6 walikufa 26 katika kila 100 waliopewa enalaprili, wasiopewa 44. Kizunguzungu unamwambia daktari apunguze dozi, hukati mwenyewe. Mbonyeze juu ya kifundo cha mguu, hesabu kumi, uachie.

Jicho Kavu: Huyu anatunga. Wiki iliyopita aliandika mama yuko Ukerewe anavuna mihogo, leo anampimia Igoma?

Mtoto wa Igoma: Nilimvusha na kivuko Jumapili, alishindwa kupanda ngazi mara mbili akaketi. Siwezi kumtungia mama yangu ugonjwa. Dada nimebonyeza, shimo limebaki, kidole kizima kinaingia. Na jana kalala na mito mitatu, nikadhani ni joto.

Nesi Kirumba: Hayo ni maji yamebaki mwilini. Mpeleke hospitali, usingoje asubuhi, usimrudishie dozi zote kwa mkupuo, beba dawa zote kwenye mfuko, na za magoti kama anameza.

Mtoto wa Igoma: Anameza diklofenaki. Bajaji iko getini.