Baba anasema uhasama umetujenga. Nimjibuje?

Kijana_wa_Wete:
Asalaam alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri.

Sisi na nyumba ya ami yangu mkubwa hatuzikani tangu uchaguzi wa 1995. Wao chama kile, sisi chama hiki. Dada yangu anaolewa baada ya mavuno ya karafuu, nami nataka ami aalikwe. Baba hataki kusikia. Anasema kususiwa kumetufunza kujitegemea: tukachanga, tukachimba kisima chetu, tukafungua duka. Hayo ni kweli. Lakini nina binamu nikikutana nao sokoni siwajui.

Bibi_Ng'ambo:
Waalaykum salaam, mwanangu. Wazee wangu walinihadithia Unguja ya tangu 1957: watu wakisusiana maduka na mabasi, hata maziko. Kila upande ukijiona umeshikamana kweli kweli. Juni 1961, kwenye ghasia za uchaguzi, wakafa watu 68. Kisima mngeweza kuchimba na ami yako yumo, tena kwa mchango mkubwa zaidi.

Karafuu_Kavu:
Bibi, kwa heshima, napinga. Zanzibar haijapewa kitu bila ya kuvutana. Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji, watu wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka ule ule Muafaka, yale makubaliano ya CCM na CUF, ukatiwa saini. Tungenyamaza, nani angetusikiliza?

Mwalimu_Chake:
Kudai haki sawa, Karafuu, nakuunga mkono. Ila kutomzika ndugu yako kumemdai nani haki gani? Na waliouawa 2001 hawakuuona huo Muafaka. Mabadiliko ya kweli yalikuja Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokutana Novemba 2009. Julai 31, 2010 asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Baadaye tukavurugana tena, najua, lakini hapo palikuwa na watu waliokubali kuketi pamoja.

Kijana, usipeleke kadi. Tafuta shangazi yenu, maana hao wawili ni kaka zake. Aanze kwa baba, asije akayasikia barazani. Kisha mwende kwa ami kwa miguu, mumtake awe shahidi wa ndoa. Shahidi hasusi harusi.

Bibi_Ng'ambo:
Na ukisikia kwao kuna msiba kabla ya harusi, nenda. Usingoje ruhusa.

Kijana_wa_Wete:
Ahsanteni sana. Shangazi amekubali, kesha zungumza na baba. Baba kasema: "Nendeni nyinyi, mie siendi." Ijumaa baada ya sala tunakwenda.